Mpindue Kwanza: Mwongozo wa Kumtambua Mbawakawa wa Ardhini kwa Maungo Yake

Inua jiwe lililokaa muda mrefu kando ya bustani ya mchicha. Kati ya majongoo, nyungunyungu na mizizi iliyooza, utamwona mdudu mweusi mwenye miguu mirefu akikimbilia gizani. Wengi humkanyaga hapo hapo, wakimdhania mende au mharibifu wa mazao. Mara nyingi aliyekanyagwa ni mlinzi wa bustani hiyo hiyo: mbawakawa wa ardhini, wa familia ya Carabidae, ambaye usiku hula viwavi, funza, mayai ya wadudu na konokono.

Duniani kote zimeelezwa spishi zipatazo 40,000 za familia hii. Anayetaka kuzitambua kwa rangi atachoka mapema, kwa sababu maelfu yake ni weusi watupu, na wengine wenye rangi za kuvutia hufanana na wadudu wasio na undugu nao. Kitu cha kutegemea ni maungo: jinsi nyonga ilivyokaa, mahali kipapasio kilipoota, idadi ya pingili za wayo, na unywele mmoja juu ya jicho. Ukianza kusoma maungo, shika kanuni moja: kabla ya kutazama mgongo, mpindue mdudu chali. Utambulisho wa familia hii umeandikwa tumboni.

Vifaa na namna ya kumpata

Huhitaji maabara ili uanze. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 10, kibano laini, vichupa vyenye vifuniko, kalamu ya risasi na daftari. Ukipata nafasi ya kutumia hadubini ya shule au ya chuo inayokuza mara 40, utaona nywele na vitobo ambavyo lenzi haionyeshi vizuri.

Njia rahisi ya kuwapata ni mtego wa shimo. Chimba shimo dogo, tumbukiza kikombe cha plastiki mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, kisha shindilia udongo pembeni pasibaki mwanya. Ukingo ukizidi ardhi hata kidogo, mdudu ataupita kando. Weka kibao au kigae juu, kikiegemea vijiwe vitatu, ili mvua isiingie. Mtego usio na dawa utembelewe kila asubuhi, maana walionaswa pamoja hulana. Mchana, pindua mawe, magogo na majani makavu, na kila jiwe ulirudishe lilivyokuwa. Kabla ya kutega mitego katika hifadhi ya taifa au msitu wa serikali, omba kibali.

Usimshike kila mdudu kwa mkono mtupu. Nzi wa Nairobi, yule mbawakawa mdogo mwekundu na mweusi mwenye mabawa mafupi, hana undugu wa karibu na hawa, lakini hupatikana palepale, na majimaji yake huchoma ngozi akipondwa. Nao mbawakawa wa ardhini wana silaha zao. Charles Darwin alisimulia katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwamba, enzi za ujana wake huko Uingereza, alikuwa ameshika mbawakawa wawili adimu, mmoja kila mkono, alipomwona wa tatu chini ya gome la mti. Akamtia mmoja kinywani ili apate mkono wa kumshikia yule mpya. Mdudu akamwagia maji makali yaliyomuunguza ulimi. Akamtema, akampoteza, na yule wa tatu naye akatoweka. Tumia kibano, na uso wako uwe mbali.

Hatua ya kwanza: tumbo na nyonga

Mlaze mdudu chali chini ya lenzi. Tafuta miguu ya nyuma pale inapoungana na mwili. Kipande cha kwanza cha mguu, yaani nyonga, kwa mbawakawa wa ardhini kimegandamana na mwili wala hakichezi. Nyonga hizo mbili zimerefuka kwenda nyuma mpaka zimeipasua pingili ya kwanza ya tumbo vipande viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Katikati, pingili hiyo haionekani kabisa. Ukiiona imekatwa hivyo, uko ndani ya nusuoda ya Adephaga, ambamo familia hii imo. Ukiikuta nzima kutoka ubavu hadi ubavu, mrudishe mdudu ulikomtoa: si wa familia hii, hata awe mweusi na mwenye mbio namna gani.

Kando ya nyonga utaona kijipande kilichovimba kama punje ya haragwe, kimeegemea mzizi wa paja. Hiyo ni trokanta, na kwa mbawakawa wa ardhini ni kubwa kuliko ilivyo kwa wadudu wengi. Kisha hesabu pingili za tumbo zinazoonekana. Kwa kawaida ni 6. Ukihesabu 7 au 8, weka alama daftarini; tutairudia idadi hiyo.

Ndugu wa majini nao wana pingili iliyopasuliwa. Hao utawatofautisha kwa miguu ya nyuma iliyobapa kama kasia, yenye nywele za kuogelea, na kwa mwili laini wa umbo la yai. Mbawakawa wa ardhini ana miguu ya mkimbiaji.

Hatua ya pili: vipapasio

Hesabu pingili za kipapasio: zinapaswa kuwa 11, zimepangana kama uzi, bila rungu mwishoni. Pingili chache za mwanzo hung'aa bila manyoya. Zinazofuata zimefunikwa na vinywele vifupi. Andika vinywele vinaanzia pingili ya ngapi, kwa sababu alama hiyo hutenganisha makundi.

Tazama pia mahali kipapasio kilipoota. Kwa wengi ni ubavuni mwa kichwa, kati ya jicho na mzizi wa taya. Kwa wale wakimbiaji wa mchangani wa kundi la Cicindelinae, wenye macho yaliyotokeza na taya kama mundu, vipapasio vimeota usoni, juu ya mizizi ya taya. Baadhi ya wataalamu huwapa hao familia yao wenyewe, lakini alama ya kuwatambua ni hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: miguu

Wayo wa mdudu umegawanyika pingili ndogo ndogo. Hesabu kwenye miguu yote: mbele 5, kati 5, nyuma 5. Hesabu hii ndiyo itakayokuokoa na kosa la kawaida kuliko yote, la kuwachanganya na mbawakawa weusi wa familia ya Tenebrionidae, ambao wamejaa katika nchi kavu na baadhi huingia ghalani. Tenebrionidae wana 5, 5 na 4. Isitoshe, kwao kipapasio kimejificha chini ya ukingo wa kichwa, kimeundwa kama shanga, na pingili ya kwanza ya tumbo ni nzima.

Sasa angalia muundi wa mguu wa mbele, upande wa ndani. Wengi wana pengo dogo lenye kimwiba na nywele ngumu. Ni kitana: mdudu hupitisha kipapasio humo kukisafisha. Kama muundi huo umepanuka na una meno makubwa kwa nje, umempata mchimbaji. Na kama pingili za wayo wa mbele zimetanuka, na chini yake kuna vinywele vinavyonata, mara nyingi huyo ni dume. Vinywele hivyo humsaidia kumshikilia jike wakati wa kujamiiana. Usimfanye dume na jike wake kuwa spishi mbili.

Hatua ya nne: nywele za hisi

Juu ya kila jicho kuna unywele mrefu uliosimama, mmoja au mbili. Hii ni alama ndogo yenye uzito mkubwa. Familia hii imegawanyika makabila. Kabila la Harpalini, ambalo wengi wao hula pia mbegu za magugu, lina mmoja. Chlaeniini nao wana mmoja. Pterostichini na Platynini wana mbili. Nywele hukatika, kwa hiyo usiishie kutazama unywele wenyewe; tafuta kishimo unakootea. Kishimo hakikatiki.

Tazama pia mfereji ulio upande wa nje wa taya. Kwa baadhi ya makabila, kama Trechini, kuna unywele humo. Kwa Harpalini na Pterostichini haupo. Mwisho kagua ngao ya kifua, pembeni na kwenye kona za nyuma. Mahali nywele zilipo, na mahali zisipokuwapo, pote pachorwe.

Hatua ya tano: mgongo

Sasa mgeuze. Mabawa ya mbele ni magumu, yamekutana katikati kama milango miwili, na mara nyingi yamechorwa mifereji 9 kila upande. Je, mifereji ni laini au ina vitobo? Nafasi kati yake ni tambarare au imeinuka? Ncha za mabawa zimezunguka, au zimekatwa wima hata tumbo linachungulia? Inua bawa moja polepole kwa sindano: chini yake kuna bawa la kurukia, au kijibawa kilichodumaa? Spishi nyingi za vilele vya milima mirefu zimepoteza uwezo wa kuruka, na ndiyo sababu kila mlima unaweza kuwa na spishi zake.

Rangi ndiyo inayokuja mwisho, tena kwa tahadhari. Mbawakawa aliyetoka pupani karibuni huwa laini na wa kahawia hafifu, hata kama siku chache baadaye atakuwa mweusi tititi. Ukimbonyeza kidogo kwa kibano akabonyea, hajakomaa. Usiandike rangi yake kuwa alama ya spishi.

Ufunguo mfupi wa makundi

Ufunguo huu ni wa makundi utakayokutana nayo zaidi Afrika Mashariki. Haufungui milango yote ya familia, lakini utakufikisha karibu. Anza na namba 1.

1. Vipapasio vimeota usoni, juu ya mizizi ya taya, macho yametokeza, hukimbia na kuruka juani: Cicindelinae. Kama vimeota ubavuni, nenda 2.

2. Vipapasio vimenenepa na kubapa ajabu, pingili zake zimeungana: Paussus na jamaa zake, wanaoishi ndani ya viota vya sisimizi. Kama ni vyembamba, nenda 3.

3. Kati ya kifua na mabawa kuna kiuno chembamba. Muundi wa mbele ni mpana wenye meno: Scaritini, wachimbaji. Kama sivyo, nenda 4.

4. Ncha za mabawa zimekatwa wima: nenda 5. Kama zimezunguka au kuchongoka, nenda 6.

5. Tumbo lina pingili 7 au 8 zinazoonekana: Brachinini, wapiga mizinga. Kama ni 6, mara nyingi ni Lebiini au jamaa zao.

6. Mwili ni mkubwa, wengine hufikia karibu sentimita 5. Mweusi wenye madoa meupe ya manyoya. Hana bawa la kurukia. Hukaa nchi kavu: Anthia na jamaa zake. Kama sivyo, nenda 7.

7. Kipande cha mwisho cha palpi, yaani vipapasio vidogo vya mdomoni, kimepanuka kama shoka: Panagaeini. Humu yumo Tefflus, mweusi mkubwa mwenye mabawa ya matuta, mla konokono. Kama sivyo, nenda 8.

8. Mabawa ni mapana, karibu mraba, na ngao ya kifua ni ndogo kwa kulinganisha. Pingili ya tatu ya kipapasio imebanwa: Calosoma, mla viwavi. Kama sivyo, nenda 9.

9. Juu ya jicho kuna unywele mmoja. Kama mgongo una manyoya laini na mng'ao wa kijani au shaba: Chlaenius. Kama mgongo ni mtupu: mara nyingi Harpalini. Kama nywele juu ya jicho ni mbili, anza na Pterostichini na Platynini.

Makundi matatu yanastahili neno la ziada. Brachinini huhifadhi hidrokwinoni na peroksidi ya hidrojeni tumboni. Wakibughudhiwa, huvichanganya na vimeng'enya katika chumba chenye kuta ngumu, kemikali zikalipuka kwa joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, nawe ukasikia mlio. Jenasi ya Pheropsophus, mwenye rangi ya manjano na nyeusi, hupatikana penye unyevu, na ndiye utakayemwona kwa urahisi.

Anthia hurusha asidi ya fomiki, na hulenga adui. Katika jangwa la Kalahari, vitoto vya mjusi aitwaye Heliobolus lugubris ni vyeusi vyenye madoa meupe, na hutembea vimekunja mgongo kwa mwendo wa Anthia. Vikikua, huacha rangi hiyo na mwendo huo. Watafiti Huey na Pianka walilieleza jambo hili mwaka 1977. Mjusi huyo hudanganya kwa rangi na mwendo. Hana kipapasio cha pingili 11.

Calosoma huonekana kwa wingi viwavi jeshi wanapofumka. Jamaa yake wa Ulaya, Calosoma sycophanta, alipelekwa Marekani kuanzia mwaka 1905 ili apambane na nondo waliokuwa wakimaliza majani ya misitu. Mkulima anayemtambua Calosoma hatamwangamiza pamoja na viwavi.

Mfano: tumpime mmoja

Tuchukue mdudu wa kijani chenye mng'ao, wa sentimita moja na nusu, aliyetoka chini ya rundo la nyasi kando ya jaruba la mpunga. Tunampindua: pingili ya kwanza ya tumbo imepasuliwa na nyonga. Ni Adephaga. Miguu ya nyuma si kasia. Vipapasio ni vyembamba, pingili 11, vimeota ubavuni. Wayo ni 5, 5, 5. Hana kiuno cha mchimbaji. Ncha za mabawa zimezunguka, pingili za tumbo ni 6. Si mkubwa, hana madoa ya manyoya meupe. Palpi si shoka. Mabawa si mraba. Juu ya jicho kuna kishimo kimoja. Mgongo, ukiuinamisha kwenye mwanga, una manyoya mafupi ya dhahabu. Tumefika Chlaenius. Ukimshika kwa kibano anatoa harufu kali kama ya dawa ya kusafishia choo, na harufu hiyo inakubaliana na jibu la maungo. Angalia kwamba rangi ya kijani, iliyotuvutia mwanzo, tumeitumia mwishoni tu.

Kufika kwenye spishi

Kutoka jenasi hadi spishi ni kazi ya uvumilivu. Pima urefu, linganisha upana wa kichwa na wa ngao ya kifua, hesabu nywele kwenye mifereji ya mabawa. Mara nyingi hata hayo hayatoshi, na uamuzi hutolewa na kiungo cha uzazi cha dume. Mdudu mkavu hulainishwa kwenye maji ya moto, kisha kiungo huvutwa polepole kwa pini iliyopindwa ncha kama ndoana. Kichore kikiwa ubavu, uone mkunjo wa ncha yake. Kisha kihifadhi katika kichupa chenye gliserini, kikae kwenye pini ile ile na mdudu mwenyewe. Kiungo kilichotenganishwa na mwenyewe hakimsaidii mtu tena.

Usione haya kuandika jina la jenasi na kuishia hapo. Jenasi sahihi ina faida kuliko spishi ya kubahatisha.

Kuhifadhi na kuandika lebo

Anayesubiri kuchunguzwa akae katika ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Wa kukausha hupigwa pini kwenye bawa gumu la kulia, karibu na bega, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Mdogo hubandikwa kwenye kipande cha kadi. Naftalini na kisanduku kinachofunga vizuri vitawazuia wadudu waharibifu.

Kazi yote hii haina maana bila lebo. Andika kwa kalamu ya risasi au wino usiofutika: nchi, mkoa, kijiji, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe kamili, jina la mkusanyaji, na mdudu alikutwa wapi, kwa mfano chini ya jiwe, kwenye mtego wa shimo au taani.

Mwaka 1911 na 1912 Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walizunguka milima ya Afrika Mashariki wakikusanya wadudu, na kila sehemu waliyosimama waliipa namba na kuichapisha katika orodha. Mwaka 1957 Pierre Basilewsky na Narcisse Leleup walifanya msafara mwingine kutoka upande wa Wabelgiji. Wadudu wa milima yetu waliokusanywa na wageni hao wako Paris na Tervuren, na bado hutumika kwa sababu mahali walipotoka pameandikwa. Sisi tunaishi chini ya milima hiyo hiyo. Tunaweza kutega kikombe msimu wa masika na tena kiangazi, mwaka hata mwaka, jambo ambalo msafiri hawezi.

Kwa hiyo anza na bustani yako. Tega mitego mitano wiki hii, pindua kila utakayempata, jaza daftari, andika lebo siku ile ile. Ukishakusanya kisanduku kimoja kilichoandikwa vizuri, kipeleke kwenye makumbusho au idara ya zoolojia ya chuo kilicho karibu nawe ukaombe wakusomee majibu yako. Na usiku ukimwona yule mweusi anakatiza uani, muache apite. Ana viwavi wa kula.